Kukaa Mpaka Majina Yaishe

Jumatatu, Machi 4

Mvua ya kwanza imenyesha leo alfajiri, na leo hiyohiyo nimeanza kazi kwenye ukumbi wa sinema. Nimepewa tochi, fulana ya bluu inayonifika karibu na magoti, na mambo matatu ya kuwaambia watu: karibuni, zimeni simu, nyamazeni. La kwanza nimelisema. Mawili yaliyobaki yamenikwama kooni.

Baada ya onyesho Meneja ameniita pembeni. "Binti, ulipomaliza shule uliirudisha sauti pamoja na vitabu?"

Nimecheka kwa adabu. Nilipofika nyumbani niliingia bafuni nikalia kidogo, kisha nikanawa uso.

Jumatano, Machi 6

Mvua. Bati linavuja juu ya safu ya nyuma, tumeweka ndoo. Watu wamekaa kuizunguka ile ndoo kama wageni waliokuja kumwona mtoto mchanga.

Ijumaa, Machi 8

Leo imeingia filamu mpya, ya daktari anayempenda mgonjwa wake. Naipenda sinema kuliko kitu chochote, ila tangu niajiriwe naiona kwa masikio. Mshika tochi husimama mbele, chini ya skrini, akiwa ameipa skrini mgongo. Kazi yake ni kutazama watu. Daktari alipombusu mgonjwa, nilichoona mimi ni nyuso mia zikibadilika rangi.

Nimejifunza mengi kuhusu watu kwa siku chache hizi. Kuna anayepandisha miguu juu ya kiti cha mbele kama yuko kwake. Kuna anayejua mwisho na hawezi kukaa nao tumboni. Kuna yule wa leo, aliyepokea simu akapaza sauti: "Niko sinema! Nasema niko SINEMA, siwezi kuongea!" Kisha akaongea mpaka mgonjwa akafa.

Lakini kwangu mimi kosa kubwa kuliko yote ni kuondoka majina ya walioitengeneza filamu yanapoanza kupanda. Watu huinuka papo hapo, wanaziba skrini, wanawasha simu, wanatafuta viatu. Wala si wao tu. Dada anayeendesha mashine ya filamu kule juu huyakata majina yasifike hata nusu, ili jenereta ipumzike. Ndiyo maana wote humwita Kata.

Mimi nayahitaji yale majina. Nimeomba kazi hii kwa ajili ya hayo.

Mwaka juzi watengeneza filamu walikuja mjini kwetu, kaka yangu akawabebea taa kwa wiki nzima, na walipoondoka akataka kwenda nao. Baba alimsimamisha sebuleni. Kaka alisimama kama anavyosimama siku zote akigombezwa, kwa mguu mmoja, wa pili ameuegemeza kwenye shavu la mguu aliosimamia. Baba akamwambia, "Simama vizuri." Akashusha mguu. Baba akaendelea: "Nenda. Ila usikanyage hapa mpaka nione jina lako pale mwisho wa filamu, lionekane na kila mtu. Siku hiyo rudi, nitakupikia mwenyewe."

Kaka aliyachukua maneno yale kama yalivyo. Alikuwa akipiga simu. Mara ya mwisho, Agosti mwaka jana, aliomba aongee na Baba. Nilikuwa karibu nikasikia. "Baba, umeona jina?" Baba akasema, "Sijaona," akakata simu.

Novemba redio ilitangaza kwamba lori lililobeba watengeneza filamu limesombwa na mto darajani. Wengine walipatikana, wengine hawakupatikana. Namba ya Kaka haipatikani tangu wiki hiyo. Baba alisafiri kwenda huko akarudi na matope kwenye suruali na bila neno lolote.

Basi nasubiri jina. Likitokea kwenye filamu iliyopigwa baada ya Novemba, Kaka yuko hai.

Jumanne, Machi 12

Mvua usiku na mchana. Filamu ya daktari bado ipo. Kata amekata.

Jumapili, Machi 17

Baba ni msoma mita za maji. Ametembea na mvua wiki nzima, leo amekaa kitini na miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mama alikuwa kwenye mashine yake ya kufuma. Anafuma masweta ya sare za shule, na ile mashine ikienda huku na huku nyumba nzima inajua kuna uhai. Baba akasema, bila kumtazama yeyote, "Mvua zikikatika tutawaita watu. Tumwombee kama wanavyoombewa wenzake, tumalize."

Mashine ikasimama.

Mama akasema, "Tumalize nini?"

"Mama watoto, usinifanye mimi ndiye mbaya."

"Nimekuuliza tunamaliza nini."

Baba alikausha mguu mmoja muda mrefu sana.

Niandike na habari ya sweta, maana leo wameligombania tena. Januari Mama alimfumia Kaka sweta kwa nyuzi zilizobaki za sare. Mwili na mkono mmoja ni rangi ya damu ya mzee. Uzi ukamwishia kwenye mkono wa pili, akafumia kijani kuanzia kiwikoni kwenda chini. Alilituma kwa basi kwenye nyumba ya wageni ambako Kaka alikuwa akipanga. Baba alimwambia, "Unamfumia maiti." Baadaye wakala wa basi akasema mzigo umechukuliwa. Mama akaruka kwa furaha. Baba akasema, "Umechukuliwa na nani? Hata mwizi husikia baridi."

Leo Mama amelala bila kula. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nimeomba mvua isikatike.

Jumatatu, Machi 18

Imenyesha. Asante.

Ijumaa, Machi 22

Nimekuwa nikipanda ngazi za chumba cha mashine kila siku na kushuka bila kugonga. Leo nimegonga, kwa sababu imeingia filamu mpya, ya majambazi wa benki, na nilisikia ilipigwa mwaka huu.

Kata alikuwa anakula mkate na chai. Chumba kile ni kidogo, kina joto, na mashine inanguruma kama friji mbovu.

"Shikamoo Dada," nikasema.

"Shikamoo ya nini, mimi ni bibi yako? Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yaliyotoka ni haya: "Usiyakate majina."

Akatafuna, akameza. "Kwani yanakudai?"

Nikaangalia viatu vyangu. Aliningoja, na nadhani kungoja si kawaida yake. Mwisho nikamwambia yote, lori, mto, Baba, kwa sauti ndogo hata ikabidi aegemee mlangoni anisikie.

Kata akaweka kikombe chini, akasema, "Mdogo wangu, Meneja akiuliza kwa nini jenereta inaunguruma ukumbi mtupu, nitamwambia nini?"

"Kwamba nafagia. Nitafagia peke yangu, ukumbi wote. Wengine waende nyumbani mapema."

"Na bisi zote zile?"

"Na bisi zote zile."

Akanipa kipande cha mkate. "Fagia taratibu basi, kuna filamu zina majina kama daftari la sensa."

Leo nimefagia huku nimeinua kichwa. Wapishi wameandikwa. Madereva wameandikwa. Hata mbwa ameandikwa, na mwenye mbwa akashukuriwa. Kaka hayumo.

Jumamosi, Machi 23

Hayumo. Najua majina hayabadiliki kwa usiku mmoja. Nimeyasoma tena hata hivyo.

Alhamisi, Machi 28

Filamu ya mapenzi ya wazee wawili. Watu wamelia vizuri, kwa adabu. Hayumo.

Jumanne, Aprili 2

Mwanamume mmoja amemsimulia mkewe kila kitu sekunde moja kabla hakijatokea. Nilimwendea na tochi, nikafungua mdomo, nikaishia kumwonyesha choo kilipo. Meneja ameona. "Binti, sasa unatoa huduma ambayo haijaombwa."

Jumamosi, Aprili 6

Jua. Tangu asubuhi hakuna wingu hata moja. Majirani wameanika magodoro na wanaimba. Baba ametoka uani, ameangalia juu, ameingia ndani. Nilimwona akihesabu viti vya sebuleni kwa macho.

Mama hajafuma leo. Amekaa mbele ya mashine na mikono mapajani. Nilimwuliza kama uzi umekwisha, akasema uzi upo.

Jumapili, Aprili 7

Jua.

Jumatatu, Aprili 8

Jua. Shangazi, dada yake Baba, amekuja kuulizia siku ya maombi, ili apange safari. Anaongea kwa upole, na ndiyo maana nashindwa hata kumkasirikia. "Mwanangu, kusubiri nako ni ugonjwa," ameniambia jikoni. "Mama yako anaisha. Mtazame shingo." Nimemtazama shingo. Kweli.

Nilipata wazo baya: kumdanganya. Kuja nyumbani niseme nimeliona jina. Nani angepinga? Hakuna anayekaa mpaka mwisho ila mimi. Nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo njia nzima, "Mama, nimeliona," na nilipofika mlangoni aliinua kichwa akaniangalia, kama anavyoniangalia kila jioni, na nikasema, "Hayumo."

Jumanne, Aprili 9

Mvua! Kubwa, ya upepo. Paa la ukumbi limevuja mahali papya, tumefunga safu nzima. Nilifurahi peke yangu.

Ijumaa, Aprili 12

Filamu mpya, ya mpangaji anayedhani chumba chake kina mtu mwingine ndani. Ni moja ya zile za haraka, zinazopigwa kwa wiki chache na kuletwa ukumbini kabla rangi haijakauka. Sauti inatangulia midomo. Watu wamefurahi sana, lakini si pale walipotakiwa. Kuna mahali katikati wamecheka karibu waanguke, na kwa muziki niliousikia kisogoni, nadhani palitakiwa pawe pa kuogopesha.

"Huyo naye nani?" mtu akapiga kelele. "Mwizi! Kamata!"

"Anamchungulia mpangaji!"

Sipendi watu wanaocheka makosa ya filamu. Kuna mtu alikesha kwa ajili ya lile kosa. Nilielekeza tochi upande wao, kwa ukali, bila kusema.

Majina ni machache mno, yamekwisha sijafika hata safu ya tatu. Hayumo.

Jumamosi, Aprili 13

Wamecheka mahali palepale.

Jumapili, Aprili 14

Wamecheka. Sasa wanakuja na wenzao ili wawaonyeshe. "Subiri, subiri, anakuja, huyo!" Baba ametaja siku. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mvua iwepo isiwepo. Shangazi ameshaambiwa. Mama alisikia, akaendelea kukunja nguo.

Jumatatu, Aprili 15

Leo naandika kwa herufi kubwa.

Baada ya onyesho la mchana nilikuwa mlangoni. Wasichana wawili wakapita wanacheka. Mmoja akasema, "Na lile sweta! Mkono mmoja hivi, mwingine kijani, kama kavalishwa gizani!"

Nilimshika mkono. Mimi, nisiyeweza kumwambia mtu azime simu. "Sweta gani?"

Akashtuka. "La yule mtu kwenye kioo. Dada vipi, si unafanya kazi humu?"

Ndiyo. Nafanya kazi humu. Nimesimama chini ya kaka yangu tangu Ijumaa, nimempa mgongo, nikiwamulika waliomwona.

Onyesho la jioni niligeuka. Mpangaji anafungua kabati, mlango wa kabati una kioo, kioo kinageuka pamoja na mlango, na ndani ya kioo, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, kuna mtu amesimama nyuma ya kamera, ameshika ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Ubao umemziba uso. Ninachokiona ni kidevu, mkono wa kijani, na miguu.

Kisha mlango ukafungwa, ukumbi ukalipuka kwa vicheko, na mimi nikakaa chini kwenye zulia.

Jumanne, Aprili 16

Sikusema nyumbani kitu jana. Niliogopa. Wanaochanganya rangi za nyuzi ni wengi, nilijiambia. Macho yenye njaa huona chakula popote. Leo nimemwambia Mama tu, "Njoo uone filamu na mimi," na yeye, ambaye hajatoka nje ya geti tangu Februari ila kununua uzi, akavaa viatu bila kuuliza.

Nilimkaribisha kwenye kiti cha katikati, nikakaa kando yake na tochi yangu imezimwa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mpangaji akaja, akapika chai, akasikia sauti. Mama alitazama kwa adabu, mkoba mapajani, kama mtu aliye ofisini kwa watu. Nilipoona mpangaji analisogelea kabati nilimshika kidole. "Mama, angalia kioo."

Mlango ukafunguka.

Ukumbi ukacheka. Na katikati ya kicheko kile Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya jikoni, "Mikono imekuwa mifupi."

"Mama..."

"Amenenepa mabega. Au nilikosea kipimo. Umeona kiganja chote kiko nje? Na baridi hii!"

"Mama, kimya basi!" akasema mwanamume wa nyuma. "Wengine tumelipa."

Mama hakumsikia. Aliendelea, machozi yanateremka, anapima hewa kwa vidole, vidole vinne, vitano, anaongeza kidogo. Yule mtu akafyonza. "Mwenye tochi yuko wapi? Mnyamazisheni huyu mama!"

Nikasimama. Nikamwashia tochi usoni.

"Mwenye tochi ni mimi," nikasema. "Mwache aongee."

Sauti ilitoka kubwa hata nikadhani ni ya skrini. Yule mtu akajikunyata kitini. Mama akaongea mpaka mwisho.

Tukiwa njiani, chini ya mwavuli mmoja, furaha ilianza kuniuma. Lile sweta lilitumwa Januari, baada ya mto. Kwa hiyo Kaka alitoka majini, akalipokea, akalivaa. Namba ya Mama anaijua kwa kichwa. Yuko hai, na hajapiga.

Mama hakulitaja hilo. Alinunua uzi.

Jumatano, Aprili 17

Baba hakuamini. "Sweta limefika kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba kauza, kanunua mtu. Nilisema, hata mwizi husikia baridi. Mmeona uso?"

"Kidevu," nikasema.

"Kidevu!" Akacheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya, kimekauka. "Nimetembea kwenye ule mto mimi, nyinyi hamjauona. Mnataka nini? Nianze upya? Nimekwisha kumzika humu," akajipiga kifua, "na mnaniambia nifukue kwa ajili ya kidevu?"

Mama aliwasha taa ya mashine akaanza kufuma. Baba akaenda kulala na nguo za kazini.

Alhamisi, Aprili 18

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya ile filamu. Kesho inaondoka, na kule inakokwenda sijui.

Onyesho la mchana lilikuwa na watu wachache. Lilipokaribia kwisha nilimwona Baba mlangoni, na koti la mvua, mfuko wa kazi begani. Hajawahi kuingia ukumbini maishani mwake. Maji yalikuwa yanamdondoka akasimama palepale, anaogopa kulowesha zulia.

"Imeshapita sehemu yenyewe?" akaniuliza.

Ilikuwa imeshapita. Nikapanda ngazi mbilimbili.

Kata alinisikiliza, akachungulia kwenye kidirisha chake akamwona Baba chini. Akangoja watu watoke. Meneja alikuwa anapiga hesabu za vinywaji. Kata akairudisha filamu nyuma, kabati likafunguka, akaigandisha.

Kaka akawa mkubwa kuliko nyumba yetu.

Baba akatembea kuelekea skrini. Alifika karibu kabisa, akainua uso, akaweka mkono, na ukutani hapakuwa na kitu ila rangi na vitobo vidogovidogo. Akageuka kama mtu aliyepotea. "Ameenda wapi?"

"Rudi nyuma Baba," nikasema. "Ukisogea sana humwoni."

Akarudi nyuma. Safu ya kwanza, ya tatu, ya tano. Alipofika pale nilipokuwa nimekaa na Mama, akasimama. Alitazama sweta, nikajua halimtoshi kuamini. Alitazama kidevu. Kisha macho yake yakashuka, na nikaona anaona kile nilichokuwa nimekiona tangu Jumatatu nikaogopa kukisema: kwamba mtu yule, amebeba ubao mzito kuliko yeye, katikati ya chumba cha watu, amesimama kwa mguu mmoja.

Baba akafungua mdomo.

"Simama vizuri," akasema. "Simama vizuri, wewe."

Akakaa. Hakulia kama nilivyofikiri wanaume hulia. Alikuwa anapumua kama amepanda kilima.

Baada ya muda akasema, "Mwambie aendelee. Mpaka mwisho." Kata akaachia. Tuliona mpangaji akitoroka, tukaona chumba kitupu, kisha majina. Baba aliyasoma yote kwa kidole hewani, kama anavyosoma mita, mstari kwa mstari, midomo inatembea. Yalipokwisha, skrini ikawa nyeusi, kidole kikabaki juu.

"Alikuwa amebeba ule ubao," akasema. "Si umemwona? Si kila mtu amemwona?"

"Kila mtu, Baba. Walicheka."

"Na hawakumwandika."

"Wabeba vitu hawaandikwi kila mara. Kwenye hizi za haraka hawaandikwi kabisa."

Aligeuka akanitazama. Sijawahi kumwona Baba akiwa mdogo kiasi kile. "Ulikuwa unajua hilo?"

"Nimelijua mwezi huu."

"Yeye je? Siku ile namwambia, alikuwa analijua?"

Mvua ilikuwa inaingia kwenye ndoo. Kata akawasha taa za ukumbi polepole, moja moja.

Ijumaa, Aprili 19

Asubuhi Baba hakwenda kazini. Alisimama nyuma ya Mama kwenye mashine, anamzuia mwanga, na Mama akamwacha. Sweta jipya lilikuwa limebaki ukingo wa chini.

"Weka jina," Baba akasema.

"Jina gani?"

"Lake. Lote, na langu nyuma yake."

"Wapi? Kifuani?"

"Hapana. Chini. Pale mwisho." Akakohoa. "Kwa herufi kubwa, aone kwamba mimi nimeliona."

Mama akatafuta uzi mweupe. Baba akamwandikia herufi kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa kalamu ya mita, akakiweka kiganja kile wazi mbele ya Mama mpaka Mama akamaliza, kwa muda mrefu, na hakukishusha.

Mzigo umeondoka na basi la saa nane, kwenda nyumba ileile ya wageni. Baba ndiye aliyeubeba.

Jumamosi, Aprili 27

Shangazi amekuja, amekuta hakuna viti vilivyopangwa. Ameambiwa. Ameketi jikoni amelia, kisha akauliza, kwa upole uleule, "Kama yu hai, mbona hapigi?" Mvua ndogo.

Jumatatu, Mei 6

Wakala wa basi amesema mzigo umechukuliwa. Baba ameuliza umechukuliwa na nani. Amesema kijana. Baba ameuliza kijana wa namna gani, alisimamaje. Wakala amemwambia, "Mzee, mimi nina watu mia kwenye foleni."

Jumanne, Mei 14

Mvua zimekatika. Simu ya Mama iko kwenye chaji mchana kutwa, na Baba akipita huigeuza, uso juu. Hakuna aliyepiga.

Leo imeingia filamu mpya, nyingine ya zile za haraka. Taa zilipozimwa nilisimama mahali pangu, nikawaambia watu wazime simu, wakazima. Majina yalipoanza kupanda na watu kuanza kuinuka, nikasema, "Kaeni, hayajaisha." Wengine wakakaa.

Meneja akaniita baadaye. "Binti, sauti nimeisikia, hongera. Lakini onyesho zima umeangalia skrini. Watu umewapa mgongo. Nilikuajiri utazame watu."

"Natazama, Meneja," nikamwambia. "Namtafuta mmoja."